Kumaliza mwendo wa kwanza: maji, baisikeli na miguu



Jioni moja, nyuma ya mazoezi ya kwaya hapa Kibua, vijana walikuwa wamezunguka simu ya mwenzao. Walikuwa wanaangalia picha za watu wanaotoka ziwani, maji yakiwatiririka, wanakimbilia baisikeli zao. Mmoja wa vijana wale, anayebeba mizigo ya mawe toka mashimoni mpaka barabarani, akaniita: "Pasta, kuya uone! Hawa wanaogelea, wanapanda kinga, kisha wanakimbia tena. Siku moja tu! Ile ni mambo ya wazungu, haiko ya mutu wa huku."

Nikamuuliza: "Wewe unabeba kilo ngapi mgongoni?"

"Makumi tano, Pasta."

"Na unatembea masaa ngapi?"

"Ine. Siku zingine tano."

"Basi miguu unayo. Na kinga unajua?"

"Najua muzuri."

"Kuogelea je?"

Kijana akacheka, akainamisha kichwa. Mama mmoja wa kwaya akajibu mahali pake: "Maji haina rafiki, Pasta."

Neno la yule mama lilinifuata mpaka nyumbani. Maana kijana wetu hakukosa nguvu. Alikosa kitu kimoja tu, na kile kimoja ndicho kinachotangulia katika mashindano yale. Kwa sababu hiyo nimeandika habari hii. Si kwamba wote tuwe watu wa michezo. Lakini mwanzo wa mtu asiyejua una mafundisho mengi kwa nyumba zetu.

MICHEZO HII NI YA NAMNA GANI?

Inaitwa triatloni, maana yake michezo mitatu katika mmoja. Mtu anaogelea kwanza, anapanda baisikeli, kisha anamalizia kwa kukimbia. Hakuna kulala katikati. Saa haisimami hata wakati unapovaa viatu.

Michezo hii kwa jina hili ilianza kule San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Watu 46 walishiriki. Tarehe 18 Februari 1978, katika visiwa vya Hawaii, watu 15 walijaribu mwendo mrefu zaidi: kuogelea karibu kilomita 3.8, baisikeli 180, na mbio 42. Waliomaliza walikuwa 12. Mwaka 2000 triatloni iliingia katika Michezo ya Olimpiki kule Sydney, Australia. Mwendo wa Olimpiki ni kilomita 1.5 za maji, 40 za baisikeli na 10 za miguu. Afrika nayo imekwisha kupanda jukwaani: mwaka 2016 kule Rio, Henri Schoeman wa Afrika Kusini alipata medali ya shaba.

Lakini tusiende mbali. Tarehe 14 Agosti 2022, mashindano ya nusu ya ule mwendo wa Hawaii yalifanyika Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Watu waliogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, wakaendesha baisikeli kilomita 90, kisha wakakimbia kilomita 21. Maji yale ni yale yale yanayogusa Goma, Minova na Bukavu. Basi mtu asiseme tena kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Yamefika mlangoni petu.

Zaidi ya hayo, anayeanza haanzi na ule mwendo mrefu. Uko mwendo mfupi: mita 750 za maji, kilomita 20 za baisikeli na 5 za miguu. Na mahali pengine wanapunguza tena mpaka karibu nusu ya huo. Kilomita 5 za miguu, kwa kijana wa Kibua, ni safari ya kwenda sokoni na kurudi.

BABA ASIYEJUA KUOGELEA

Nitawaelezea habari ya mzazi mmoja wa Marekani, jina lake Dick Hoyt. Alikuwa askari. Mwaka 1962 mkewe alizaa mtoto wa kiume, Rick. Wakati wa kuzaliwa, kitovu kilimzunguka mtoto shingoni, ubongo ukakosa hewa. Mtoto hakuweza kutembea wala kusema. Waganga waliwashauri wazazi wamweke katika nyumba ya kutunzia watu kama yeye, wamsahau. Wazazi walikataa. Walimlea nyumbani pamoja na wadogo zake. Baadaye alipata mashine ya kuandikia maneno kwa kugusa kwa kichwa, akasoma, akamaliza hata masomo ya chuo kikuu.

Mwaka 1977 Rick alimwomba baba yake washiriki mbio za kumsaidia kijana mmoja aliyepooza. Baba alikuwa na miaka karibu 37, na hakuwa mtu wa mbio. Alimsukuma mwanawe katika kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Walifika karibu nyuma ya wote. Lakini nyumbani Rick aliandika kwamba wakati wanapokimbia hajisikii tena kuwa kilema. Tangu siku ile baba hakuacha.

Kisha watu wakamwambia Dick ajaribu triatloni. Alikubali kwa sharti moja: mwanawe awe pamoja naye. Sasa sikieni vizuri. Mtu huyu hakujua kuogelea. Alipoingia majini mara ya kwanza alizama kama jiwe. Na baisikeli hakuwa ameipanda tangu alipokuwa mtoto wa miaka 6. Katika michezo mitatu, miwili hakuiweza. Alifanya nini? Alihamia nyumba iliyo kando ya ziwa, akaingia majini kila siku, kidogo kidogo, mpaka maji yakamkubali. Mwaka 1985, siku ambayo Wamarekani wanawaheshimu akina baba, walifanya triatloni yao ya kwanza. Majini alifunga kamba mwilini, akavuta mtumbwi wa mpira ambamo Rick alilala. Barabarani alimweka katika kiti mbele ya baisikeli. Mwishoni alimsukuma kwa mbio. Wakamaliza.

Msifikiri kwamba nyuma ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1988 walikwenda Hawaii kwa ule mwendo mrefu. Baba alishindwa majini, saa ikapita, wakakatazwa kuendelea. Walirudi nyumbani na haya. Mwaka 1989 wakarudi Hawaii, wakamaliza mwendo wote. Katika maisha yao walifanya mashindano zaidi ya 1,000. Dick alikufa mwaka 2021 akiwa na miaka 80, na Rick akamfuata mwaka 2023.

Ndugu msomaji, wangapi kati yetu wana mtoto kilema aliyefichwa katika chumba cha nyuma wakati wageni wanapofika? Dick hakumponya mwanawe. Alimchukua tu pamoja naye. Na ili aweze kumchukua, alikubali kwanza kuwa mjinga wa maji mbele ya watu, yeye mtu mzima na askari.

MIMI NAMI NILIOGOPA

Nitasema ukweli. Mimi mchungaji, ninaingia mtoni kubatiza, maji yakifika kiunoni ninaimba kwa sauti. Yakifika kifuani sauti inapungua. Washiriki wanafikiri ni Roho anayenigusa, kumbe ni woga. Nilipokuwa mtoto niliona mto wa mvua ukimchukua mwenzangu tuliyekuwa tukivuka naye. Tangu siku ile sikukubali miguu yangu iache ardhi.

Nyuma ya maneno ya yule mama, nilimwita kijana mmoja wa kanisa aliyekulia Minova, kando ya ziwa. Nikamwambia: "Mwanangu, nifundishe." Aliona haya. Akasema: "Pasta, mimi nikufundishe weye?" Nikamjibu kwamba majini yeye ndiye mchungaji, mimi ni kondoo. Tulitafuta mahali mto unapotulia, ambapo maji yanafika kifuani tu. Siku ya kwanza alinishika mgongo, akaniambia nilale kama niko kitandani. Nilimshika shingo karibu tuzame wote wawili. Siku ya nne aliondoa mkono bila kuniambia, na mimi nikabaki juu ya maji. Sijui bado kuogelea mita 750. Lakini ninajua sasa kwamba maji yanambeba mtu anayetulia, na yanammeza mtu anayepigana nayo.

VIJANA, ANZENI HIVI

Kama kijana anataka kujaribu, hata kama hakuna mashindano karibu, ashike haya.

Kwanza, maji. Usiingie peke yako, hata kama wewe ni hodari. Awepo mtu anayejua, na kamba au kibuyu kikubwa cha kushika. Usijifunze katika mashimo ya machimbo yaliyojaa maji ya mvua. Kando zake zinaporomoka, ndani yake hakuna anayejua kina, na watoto wetu wamefia mule. Usiingie mto unaojaa nyuma ya mvua. Na ukifika kando ya Ziwa Kivu, uulize wenyeji mahali pa kuogelea. Ziwa lile halina mamba wala viboko, lakini sehemu zingine za kando kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Haina rangi, na inaua mtu mara moja.

Jifunze kwanza kuelea kwa mgongo. Kisha jifunze kutoa pumzi ndani ya maji na kuvuta pumzi nje. Wengi wanaochoka majini hawakosi nguvu za mikono. Wanabana pumzi kwa woga. Ukichoka, geuka, lala mgongoni, pumua, uombe, uendelee. Hiyo si kushindwa.

Pili, baisikeli. Angalia breki na mnyororo mbele ya kuondoka. Vaa kofia ngumu. Katika triatloni sheria ni kali: ufunge kofia kichwani kwanza, ndipo uguse baisikeli. Ukisahau, unaadhibiwa au unatolewa. Ningependa vijana wetu wa moto waisikie sheria hiyo! Usikanyage kwa nguvu zote ili uwapite wenzako. Miguu unayoichosha hapo ndiyo utakayoitafuta baadaye.

Tatu, mbio. Ukishuka kwenye baisikeli, miguu inakuwa mizito kama ya mtu mwingine. Kila mtu anapata hivyo, hata mabingwa. Inatokana na kwamba misuli ilikuwa imezoea kuzunguka, na sasa inaombwa kubeba mwili wote. Dawa ni kuzoea: siku moja kwa juma, ukitoka safari ya baisikeli, kimbia dakika 10 papo hapo bila kukaa. Mwanzoni kimbia polepole, utembee kama ni lazima. Kutembea hakukatazwi.

Nne, chakula na maji. Kunywa kidogo kidogo njiani, usingoje kiu. Ndizi mbivu, au kiazi kilichochemshwa na chumvi kidogo, vinatosha kabisa. Usile kitu kipya siku ya mashindano.

Mtu mwenye afya, akijizoeza siku 4 au 5 kwa juma, anaweza kuwa tayari kwa mwendo mfupi katika miezi 3, kama anajua tayari kuelea. Kama hajui, aongeze miezi mingine. Asione haraka. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa pumu au wa kifafa aende kwanza kwa munganga. Na siku ya Bwana tupumzike. Mwili nao unajengeka wakati wa kupumzika.

HABARI YA BIA

Katika ile Hawaii ya mwaka 1978 kulitokea jambo ambalo ninapenda kuwaelezea vijana. Mtu mmoja, John Dunbar, alikuwa mbele ya wote alipoanza mbio za mwisho. Watu waliomsaidia njiani walimaliza maji waliyokuwa nayo. Wakampa bia. Unajua mwisho wake. Mwenzake Gordon Haller alimpita, akafika wa kwanza kwa masaa 11, dakika 46 na sekunde 58. Dunbar alifika wa pili.

Wachimbaji wangapi ninaowajua walikuwa wa kwanza! Walipata jiwe zuri kuliko wenzao, franka zikajaa mfukoni siku ya Ijumaa. Siku ya Jumatatu wanakopa unga. Si kwamba hawakuwa na nguvu. Nguvu walikuwa nazo kupita wote. Lakini walitumia nguvu zote katika sehemu ya kwanza, na katika ile ya mwisho wakakosa maji, wakanywa kilichokuwa karibu.

TUANZIE WAPI?

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari ya wakimbiaji wanaojinyima mambo mengi kwa ajili ya taji linaloharibika (1 Wakorinto 9:24-27). Na Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba akae kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28-30). Kuhesabu gharama si kuhesabu tu vitu ulivyo navyo. Ni kuuliza pia: kitu gani ninaogopa? Kitu gani nimekificha?

Sisi wote tunapenda kuanzia pale tunapokuwa hodari. Mwenye nguvu za mgongo anaongeza mzigo. Mwenye sauti anaongeza wimbo. Lakini katika triatloni maji yanatangulia. Asiyejifunza maji, miguu yake mizuri haitaonekana na mtu. Na nyumbani ni vile vile. Baba anafanya kazi mchana kutwa, lakini hawezi kusema na mkewe juu ya madeni. Kijana anachimba sana, lakini anaona haya kujifunza kusoma pamoja na watoto wadogo. Mama anaombea wengine, lakini hajaomba msamaha kwa dada yake tangu miaka mingi. Maji ya kila mmoja ni tofauti. Lakini sherti tuyaingie, na tusiingie peke yetu. Mhubiri anafundisha kwamba wawili ni bora kuliko mmoja, maana mmoja akianguka mwenzake atamwinua (Mhubiri 4:9-10).

Katika triatloni wa kwanza anapata zawadi. Lakini wa mwisho naye, akifika kabla ya saa kufungwa, anahesabiwa kuwa amemaliza kama wa kwanza. Kule Rubavu na kwingineko, kwa ule mwendo wa nusu, kwa kawaida wanawapa watu masaa 8 na nusu. Anayefika katika dakika ya mwisho anapigiwa makofi mengi. Nimefurahi sana kujua hivyo. Wengi wetu tutafika hivyo.

Na yule kijana wa mizigo? Juma lililopita alikuja mtoni kutuangalia. Alikaa juu ya jiwe, akatucheka sana, mimi na mwalimu wangu wa Minova. Kisha akavua viatu, akatia miguu majini. Miguu tu. Sikumwambia neno. Kila mtu ana siku yake ya kwanza.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kila mmoja aseme: "maji" yangu ni nini, jambo ninaloogopa kujifunza au kuanza?

2. Nani katika jamaa au kanisa anaweza kunishika mgongo mpaka nielee? Je, ninaweza kukubali kufundishwa na aliye mdogo kwangu?

3. Katika nyumba yetu au kwa jirani, kuna mtoto au mtu kilema anayebaki nyuma wakati wengine wanakwenda? Juma hili tutamchukua wapi pamoja nasi?

4. Wazazi: je, mashimo yenye maji karibu na nyumba zetu yamezungushiwa uzio? Nani ataanza kazi hiyo?